Msumari wa Darasa la Nne

Marehemu, ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Polepole, alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1963, mtoto wa tatu na kitinda mimba. Hakulia. Mkunga alipomzaba kofi, alimtazama tu, kama anayeuliza, "Mama, kwani umeamkaje leo?" Wanaosema mtoto mchanga hatazami hivyo hawakuwepo. Mama yake alikuwepo.

Alianza shule mwaka 1970. Alipokuwa darasa la tatu, mwalimu wao aligombana na mkewe, akaja kuwachapa watoto arobaini na wawili kabla ya kengele. Siku hiyo walikuwa wajifunze kugawanya. Marehemu alirudi nyumbani viganja vimefura, akasema, "Mama, mwalimu hakuiacha hasira nje." Kugawanya alifundishwa na mama yake, kwa punje za maharage, mama ambaye shule aliijua kwa kupita njiani.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1986, akapewa darasa la nne. Siku ya kwanza alipigilia msumari wa inchi nne nje ya mlango. Akatundika koti, kisha akatangaza kwamba anatundika na hasira zake. Watoto wakaiga. Asubuhi moja binti wa muuza mkaa alifika, akamng'ata mwenzake.

"Leo umekuja na nani?"

"Na hasira."

"Ya nani?"

"Ya baba. Kaniachia."

"Haya, itundike. Ukitoka utaikuta, kama bado unaitaka."

Hakuirudia. Mwaka 1994 msumari ulipinda kwa uzito, ikabidi fundi aje na nyundo mbili. Anayebisha amuulize fundi. Bahati mbaya naye alishatangulia.

Mwalimu mkuu aliung'oa mara saba. "Hapa tunafundisha hesabu, siyo hisia!"

"Mkuu, chupa yenye kifuniko utaimiminia nini? Mimi nafungua kifuniko. Hesabu ndiyo namimina."

Kesho yake msumari ulikuwa mahali pake. Darasa la nne likiongoza kwa hesabu, mkuu alisema ni bahati. Bahati ya miaka thelathini na mitano!

Tarehe 8 Desemba 1990 alimwoa fundi cherehani, ambaye hakuchelewa kupigilia msumari wake mlangoni kwao, mnene kuliko wa shule. Alimjua mumewe.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2021. Wako wanaonong'ona kwamba alichoshwa na mizigo ya watoto wa watu. Waache. Daktari alisema figo. Alipolazwa, mkuu aliung'oa msumari mara ya nane, akaziba tundu kwa saruji. Wanafunzi wakauokota, wakampelekea wodini. Akamkabidhi mama yake: "Mama, usiulilie. Upigilie." Alifariki Jumapili, tarehe 21 Mei 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa muuguzi wa zamu, yule binti wa muuza mkaa.

Ameacha mama, mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na wote waliopita mlango ule. Msumari umefungwa kwenye pindo la nguo ya mama yake, na nyundo iko chini ya kiti alichokalia. Jumatatu, kabla ya kengele, utarudi ukutani. Saruji si mwamba. Mkuu, aliyekaa safu ya pili, anakaribishwa. Aje na koti lake.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi tuna kazi.