Risasi Ambayo Marehemu Albano Nandonde Hakuichagua

Marehemu Albano Leonardi Nandonde alizaliwa tarehe 3 Machi 1923, Mnyambe, Newala, akiwa mtoto wa tatu wa mchonga vinyago Leonardi Nandonde na mkewe Margareta. Alishikishwa tezo akiwa na miaka sita. Ukubwani alikuwa akisema kwamba jicho lake lilinolewa pale, kwenye mpingo, maana mpingo ukikosewa mara moja hausahau.

Alisoma shule ya misheni Ndanda hadi darasa la nne, mwaka 1937. Alitamani ualimu, nafasi ilikuwa moja, ikaenda kwa mwingine. Mwaka 1941 aliingia Keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa vitani Burma. Alirudi mwaka 1946 akiwa mlengaji bora wa kombania yake, na sikio la kushoto limekufa.

Tarehe 17 Septemba 1949 alifunga ndoa na Sesilia Mkumba. Mwaka 1952 walihamia Dar es Salaam, wakapanga chumba Temeke. Uani hapo Albano alisimika mti mrefu, akafunga juu yake kipande cha kanga kuukuu ya mkewe ili ausome upepo kila asubuhi. Jirani yao, Bi Hija, alivumilia juma zima.

"Mama Anjelina, mumeo kafunga nini pale? Anazuia mvua?"

"Anaangalia upepo, dada."

"Makubwa! Sie tunaangalia mchele umepanda, nyie mnaangalia upepo!"

Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Baba Upepo, naye akawa anaitika.

Kazi aliipata katika chama kimoja cha wapiga shabaha nje ya mji. Mtu aliyelenga bunduki vitani alipewa fimbo. Kwa miaka tisa alikaa handakini, chini ya mbao za shabaha, risasi za Wazungu zikipita juu ya kichwa chake. Zilipopiga alionyesha mahali kwa fimbo, zilipokosa aliinua bendera nyekundu. Mwaka 1962, baada ya Uhuru, alipandishwa kuwa mtunza ghala la silaha. Ndipo kwa mara ya kwanza akaruhusiwa kulala kifudifudi upande wa pili wa uwanja, yadi mia nane kutoka kwenye handaki lake, na kufyatua.

Bunduki za chama zilikuwa za 303, na risasi zake zilijaa ghalani, masanduku juu ya masanduku. Albano alizichambua kwa alama zilizogongwa kitakoni mwa ganda. Zilizotengenezwa pamoja alizitia katika mkebe mmoja wa maziwa, hakuzichanganya na nyingine. Katika daftari lake aliandika kila aina ya upepo, na kilengeo cha bunduki kisogezwe kiasi gani.

Mwanzoni mwa mwaka 1968 chama kilipokea zawadi ya bunduki nne mpya, za milimita saba, pamoja na risasi themanini. Walijaribu ishirini, na matundu yakakusanyika vizuri ajabu. Tarehe 6 Mei kamati ilikaa kuchagua risasi ya kutumia katika mashindano ya tarehe 11 Agosti.

"Inapita vizuri kuliko yetu, sibishi," alisema Albano. "Lakini zimebaki sitini. Wapigaji wanne watazimaliza siku hiyo hiyo ya mashindano, na hapa nchini sijui ghala lenye nyingine. Yadi mia nane ni upepo, mabwana, na upepo mtu anaujua kwa kupiga. Za 303 tunaweza kupiga kila Jumapili mpaka Agosti. Tuchague tunayoipata."

Mwenyekiti, Bwana Projestus, karani msomi, alitabasamu. "Mzee Albano, sisi tunajenga nchi mpya, wewe unatung'ang'aniza masalia ya mkoloni?"

"Na hiyo yenu, mheshimiwa," alidakia Mwinshehe, mpigaji mwenzake, "imezaliwa Temeke?"

Kamati nzima ilicheka, kisha ikapiga kura, na milimita saba ikapita.

Miezi mitatu walifanya mazoezi ya kubofya bunduki tupu, kwa amri kwamba risasi zisipotezwe. Albano aliagizwa kupanga vilengeo kwa kukisia. Siku ya mashindano upepo ulivuma kutoka kushoto, na bendera nyekundu ikapanda mara arobaini na tatu katika risasi sitini. Yeye mwenyewe aliupata upepo katika risasi ya kumi na moja, akapiga nne za mwisho zote ndani. Alikuwa amejifunza, na risasi zilikuwa zimekwisha. Timu iliyoshinda ilitumia 303.

Kumbukumbu za kikao kilichofuata zilisema: "Uchaguzi wa risasi ulifuata ushauri wa mtunza ghala." Aliyepinga alikuwa Mwinshehe peke yake. Mwezi Septemba, akiwa na miaka arobaini na mitano, Albano alirudishwa handakini na fimbo yake.

Mwaka 1970 chama kilirudia 303. Mwaka 1972 kilitwaa kikombe kwa kufuata daftari alilokuwa ameliacha ghalani, na yeye ndiye aliyeinua fimbo kuonyesha risasi zao zilivyopiga katikati. Katika picha ya kikombe hayumo.

Aliandika barua tatu: mwaka 1969, 1972 na 1976. Hakuomba kurudishiwa ghala. Aliomba mstari ule mmoja usahihishwe. Hakujibiwa.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1975. Mwaka uliofuata aliacha kazi, wakahamia shambani Chanika, na huko nako akasimika mti wa upepo. Juma lake la mwisho aliuliza kila siku.

"Mama Anjelina, barua?"

"Bado, baba."

"Watajibu."

Alifariki tarehe 14 Oktoba 1977, saa tisa alasiri.

Jana Bwana Projestus alifika msibani na shada la maua. Alimwinamia mjane. "Mama, tulikosea. Lakini kwenye wasifu tuseme tu alikuwa mshauri wetu hodari."

"Hayo ya kukosea kayaseme kaburini, baba, watu wasikie," alijibu Sesilia.

Bwana Projestus aliweka shada lake chini, akaaga. Kwa hiyo yanaandikwa hapa, ili kila atakayeondoka na karatasi hii awe nayo nyumbani kwake: tarehe 6 Mei 1968 Albano Nandonde alichagua 303. Ile nyingine waliichagua wao. Mwinshehe yupo hapa, aulizwe.

Marehemu ameacha mjane, Sesilia, watoto watatu, Anjelina, Leonardi na Margareta, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja aliyeko Mnyambe.

Mungu ampokee, ampumzishe mahali pasipo upepo.