Bi Mwantumu na Mchicha Uliootea Majini

Nina jambo nililolificha miaka mitano, nami naogopa kufa nalo. Lakini shughuli ya leo ni ya Bi Mwantumu Athumani, Mama Kudra wetu, anayestaafu tarehe 30 Juni 1979 baada ya kukitumikia kituo chetu cha samaki, hapa Magoma, tangu mwaka uliofuata Uhuru. Basi nianze naye.

Aliajiriwa kufyeka majani kandokando ya bwawa la perege, nami Habakuki Hiza nikiwa mkuu wa kituo. Tulipoletewa wazo la kuotesha mchicha bila udongo, yeye ndiye aliyelishika upesi. Maji ya bwawa, yenye kinyesi cha samaki, hupandishwa kwa pampu ya mkono hadi kwenye mahori ya kokoto. Mizizi hujilisha humo, na maji hurudi bwawani yakiwa safi. Wanawake wa sokoni walipomcheka, aliwajibu, "Mchicha wenu una miguu ya matope, wangu umetawadha!" Wakanunua.

Mwaka 1974 wakubwa wa wilaya walikuwa waje kutukagua. Asubuhi hiyo perege wote walikutwa wameelea, matumbo juu. "Mama Kudra, samaki wako wamejifunza kulala chali!" alipaza sauti mmoja wetu, lakini hakuna aliyecheka. Siku zile neno hujuma lilitosha kumweka mtu ndani. Mgambo wakamchukua Bi Mwantumu. Alipoachiwa, kijiji kilikuwa kimeshaongeza neno la pili: mchawi. Mpaka leo wapo wasiopokea chakula mkononi mwake, na baadhi yao wamo humu ukumbini.

Alirudi kazini hivyo hivyo, akasafisha bwawa, akapandikiza vifaranga wapya. Kila aliponiambia, "Shikamoo, Mzee Hiza," niliitikia haraka nikapita.

Mama Kudra, tunakushukuru kwa samaki, kwa mchicha, na kwa vicheko ulivyotupa. Mungu akupe uzee wenye afya, na majirani wanaokula kwako bila hofu.

Sasa lile jambo. Nimetaka kuichana karatasi hii mara nyingi. Jioni kabla ya wageni kufika, niliona viwavi kwenye mchicha. Nikavaa bomba mgongoni, nikapuliza dawa ya pamba kama nilivyozoea shambani kwangu Lutindi, ambako dawa hudondoka udongoni ikaishia hapo. Sikukumbuka kwamba maji ya mahori hurudi bwawani. Kulipokucha nilielewa, nikaogopa kufungwa, nikawatazama mgambo wakimshika mkono, nikanyamaza.

Samaki wale niliwaua mimi.