Mama Uani Anaziacha Simu Zikijua Zilipo

Simu za manesi hazirudi stoo. Mkurugenzi wa huduma yetu ya kuwatembelea wagonjwa majumbani alilitangaza hilo Jumatano asubuhi, akiwa amesimama mlangoni mwa karakana, siku moja baada ya simu ya mwisho iliyokuwa haijui ilipo kujipata kwenye ramani. Aliyeitengeneza si Mama Uani. Na hiyo ndiyo zawadi pekee aliyoiomba Mama Uani, anayestaafu Ijumaa hii, tarehe 29, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi.

Jina lake kamili linajulikana na ofisi ya utumishi. Sisi wengine tunamwita Mama Uani kwa sababu huko ndiko ofisi yake ilipo hasa: stuli moja ya plastiki katikati ya ua, mbali na ukuta na mbali na paa la bati, na juu yake simu imelala chali ikitazama mbingu.

Aliingia hapa akiwa fundi wa simu za upepo, enzi ambazo kila gari la huduma lilikuwa na antena ndefu na kila dereva alikuwa na kilio chake. Akahamia simu za mezani, kisha kompyuta. Ilipoamuliwa kwamba manesi wanaowatembelea wagonjwa majumbani wapewe simu za mkononi zinazotumia mfumo endeshi wa Linux, yeye ndiye aliyekabidhiwa kuzilea. Sababu ya kuchagua simu hizo ilikuwa moja: mfumo wake uko wazi, fundi anaingia ndani na kurekebisha bila kumsubiri mtengenezaji. Ugumu wake ulikuwa huohuo. Usiporekebisha mwenyewe, hakuna wa kukurekebishia.

Kilichosumbua tangu mwanzo ni mahali. Nesi wa zamu ya mashariki aliwahi kupiga simu karakana akiwa kando ya barabara, mkoba wa dawa begani, mgonjwa wake anasubiri sindano. "Mama, simu yako imenipandisha cheo," alilalamika. "Inasema niko makao makuu ya kampuni ya intaneti." Mama Uani hakupandisha sauti. Alimweleza kwamba simu haijaona setilaiti hata moja na kwamba inakisia tu kwa kufuata mtandao. Akamwelekeza jinsi ya kuizuia isikisie na jinsi ya kuipa programu ya ramani ruhusa ya kutumia kipokezi cha setilaiti, kisha akamwambia atoke chini ya mti. Nesi akauliza asubiri mpaka lini. "Mpaka izione. Na usiitikise kama chupa ya dawa."

Hiyo ndiyo kazi yake kwa ufupi. Kabla ya kugusa mpangilio wowote, simu itoke nje. Mafundi wapya wa karakana walipenda kufungua lile dirisha jeusi la amri na kuandika asubuhi nzima chini ya bati, ambako setilaiti haionekani hata kwa maombi. Aliwaacha waandike. Baadaye alipita nyuma yao na chai yake, akauliza kwa upole kama mgonjwa wao wa mezani ameshapunga upepo leo.

Hata hivyo, kisa anachokisimulia mwenyewe kwa kicheko kirefu kuliko vyote kinamhusu yeye. Simu zilikuwa zikianguka na kupasuka vioo, kwa hiyo mwisho wa mwaka mmoja aliwachagulia manesi zawadi: kava ngumu za kumetameta, zenye bamba la chuma mgongoni. Manesi walizipenda. Wiki iliyofuata simu zikaanza kupotea kwenye ramani. Kila simu ilipoletwa aliivua kava kwa uangalifu, akaiweka kwenye stuli, ikajipata mara moja, akairudisha. Nesi akaivika kava, ikapotea tena. Mama Uani alibadilisha programu, akabadilisha modemu, kile kipande chenye kipokezi, akaanza kuzilaumu setilaiti zenyewe. Aliyefumbua fumbo ni mfagizi wa ua, aliyeuliza kwa nini simu hizi huwa nzima zikiwa uchi tu. Bamba la chuma lilikuwa likizikinga setilaiti; tangu siku hiyo kava hizo hazitumiki, na hakuna simu inayotoka karakana bila kupimwa ikiwa imevaa kava.

Kustaafu kwake kulipokaribia, mkurugenzi alisema wazi kwamba huduma haiwezi kumtegemea mtu mmoja. Ikiwa waliobaki hawataweza kutengeneza simu peke yao, zote zitarudi stoo na manesi watarudi kuuliza njia nyumba kwa nyumba. Jaribio likapangwa Jumanne. Mama Uani akapewa kiti ukutani na amri ya kunyamaza. Wanaomjua wanasema hiyo ya pili ndiyo iliyomtoa jasho.

Simu ya jaribio ilikuwa ya nesi aliyetoka likizo ya uzazi. Ilitolewa nje, ikavuliwa kava, ikalazwa kwenye stuli. Hakuna kitu. Ruhusa zilikuwepo, antena ilikuwa nzima. Msimamizi wa karakana akapendekeza mfumo wote ufutwe na uwekwe upya, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye waya. Mama Uani alikohoa, akaangaliwa, akakaa kimya.

Hapo fundi betri, mwenzetu ambaye hadi mwaka jana hakushughulika na kitu kingine, akaomba aione tarehe. Simu ilidhani tuko mwaka fulani wa zamani sana. Ilikuwa imekaa kwenye droo mpaka betri ikafa kabisa na saa yake ikasahau. Ratiba ya mapito ya setilaiti iliyohifadhiwa ndani yake nayo ilikuwa imechacha, kwa hiyo ilizitafuta mahali ambapo hazipo. Fundi betri akarekebisha saa, akaifuta ratiba ile, akawasha upya kipokezi na kuirudisha simu kwenye stuli. Kidoti cha buluu kikatokea, kikayumba, kikatulia katikati ya ua wetu.

Mama Uani alivunja amri kwa neno moja tu: "Kava!" Ikavikwa kava yake. Kidoti hakikusogea.

Kwa uvumilivu wake, kwa ukali wake katika kupima, na kwa wagonjwa wote waliofikiwa kwa wakati, karakana na manesi wanamshukuru. Anakwenda nyumbani kwa mume wake, dereva mstaafu, ambaye hubishana na ramani ya simu safari nzima kana kwamba imemtukana. Tunamwombea afya, usingizi wa kutosha, na ushindi katika ubishi huo.

Hafla ya kumuaga ni Ijumaa, saa nne asubuhi, uani. Makabidhiano yamekamilika isipokuwa stuli, ambayo ameshasema anaondoka nayo. Fundi betri anaanza kazi rasmi Jumatatu saa mbili, na ametakiwa kufika na stuli yake mwenyewe. Isiwe ya chuma.