Maji Matamu ya Mzee Shiomi Yasuji wa Myoko

Marehemu Shiomi Yasuji alizaliwa mjini Maizuru tarehe 9 Mei 1921, kitinda mimba wa mhunzi. Alisoma shule ya mtaani kwao hadi 1935. Hesabu zilimpiga chenga, lakini jiko la darasa alilichochea mpaka mwalimu akavua koti nje kukiwa na theluji.

Mwaka 1941 alijiunga na jeshi la majini, akapangiwa boila za Myoko, manowari iliyozipa jina la ukoo manowari tatu za muundo uleule, dada zake. Aliipenda waziwazi, na ole wake aliyesifu nyingine mbele yake. Desemba 1944 torpedo, kombora la chini ya maji, liliivunja mkia, ikawa inakokotwa kwenda Singapore. Pampu zilizotoa bahari tumboni mwake zilihitaji mvuke, mvuke ulihitaji maji matamu, yasiyo na chumvi, na matangi yake yalikuwa yametoboka. Mkuu wake, Ozeki, alimwonyesha maji ya kunywa yaliyobaki.

“Shiomi, wewe na boila, nani ana kiu zaidi?”

“Boila, mkuu. Mimi nikikauka nitanung'unika tu; yenyewe ikikauka tunazama wote. Ila tukifika, nitakuogesha maji matamu mpaka shingoni.”

“Wewe? Kwanza ufike!”

“Nisipofika mimi, nani atachochea moto?”

Boila ikanyweshwa, wao wakalamba jasho. Na walifika! Dada zote tatu zilizama. Myoko ilikuwa bado inaelea siku vita vilipokwisha.

Alirudi nyumbani 1947, akaajiriwa kuchochea moto katika bafu la mtaa la Mzee Nishiwaki. Binti wa mwenye bafu, Fumi, alimwuliza mbele ya wateja, “Mbona hata siku ya mapumziko uko hapa? Umekuja kuoga au kuposa?”

“Maji yakiwa moto, yote mawili.”

Walifunga ndoa tarehe 3 Novemba 1949. Bafu lilipokuwa lake, aliwaita wenzake wa Myoko. Ozeki alipozama hadi shingoni, maji yalifurika sakafuni.

“Unamwaga maji matamu, mwehu wewe!” akafoka huku machozi yakimtoka.

“Ndiyo, mkuu. Leo yamwagike.”

Mwaka 2002 figo zake zilidhoofika, daktari akampimia maji kwa kikombe. Binti yake Takako alilinda birika kama askari.

“Baba, kimoja tu!”

“Nimevuka bahari kwa pungufu ya hapo, mwanangu.”

Alifariki kwake tarehe 14 Februari 2004, asubuhi, akiwa amemshika Fumi mkono.

Ameacha mjane, watoto wawili, Takako na Eiji, wajukuu watano, na Mzee Ozeki, mwenye miaka tisini na miwili, aliyeketi hapa mstari wa mbele, taulo begani. Marehemu ameagiza kwamba wenye zamu ya tanuri la kuchomea mwili wake wasiharakishe moto. Tukitoka huko, karibuni nyote bafuni. Hakuna kiingilio, na maji yameshaanza kumwagika.

Apumzike sasa kwa amani. Zamu yake imekwisha, na boila haikuzimika.