Mzee Bendera, Mtu Aliyekataa Kusema "Iko Njiani"

Wote mlio hapa mnamjua kama Mzee Bendera. Jina la kwenye cheti hata yeye alikuwa analisahau. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 kwenye kota za reli, nyumba ya mwisho kabla ya geti, mtoto wa tatu kati ya sita. Mama yake alisema huyu alizaliwa treni ya mizigo ikipita, ndiyo maana hakulia. Alikuwa anasikiliza.

Alisoma shule ya kota mpaka mwaka 1963. Kichwa alikuwa nacho, ila dirisha la darasa lilitazama reli. Mwalimu alimgombeza mpaka akachoka: "Wewe, macho ubaoni! Treni haitakupa mtihani!" Kumbe ilikuja kumpa.

Mwaka 1966 aliajiriwa kuwa mshika bendera kwenye stesheni ya njia panda, akaishika mpaka alipostaafu mwaka 2003. Nyekundu simama, kijani pita, hakuna rangi ya katikati. Siku moja mwaka 1971 injini iliharibika mbali huko, na mkuu wa stesheni akaagiza abiria waambiwe iko njiani. Marehemu akaenda moja kwa moja kwenye benchi, alipokuwa ameketi msichana fundi cherehani, kapakata mashine yake.

"Dada, usingoje. Treni haiji leo."

"Mkuu wako kasema iko njiani."

"Mkuu katoka ofisini. Mimi nimetoka relini."

"Haya, mkweli, na hii cherehani ataibeba nani?"

Aliibeba yeye. Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1972. Bibi mpaka leo anasema, "Sikumpendea sura, sura yenyewe mnaiona hapo kwenye picha. Nilimpenda kwa sababu hakunikalisha bure."

Baada ya kustaafu hakuweza kukaa nyumbani, alikuwa anampungia mkono hata mwenye kupita na toroli. Basi mwaka 2005, yeye na rafiki yake wa tangu utotoni, Fundi Saa, walianzisha chama cha treni ndogo, kwenye chumba cha juu ya duka la rangi. Waliunganisha meza, wakatandika reli nyembamba kama kamba za viatu. Akaja mwoka mikate, akaja nesi wa meno, akaja dereva wa teksi aliyesema amechoka na barabara. Kila Jumamosi treni zilikwenda kwa ratiba, na mara moja kwa mwaka mlango ulifunguliwa, watoto wa mtaa wakajaa mpaka ngazini.

Sehemu ya marehemu ilikuwa mlima. Aliujenga kwa waya wa banda la kuku, magazeti na plasta, akautoboa tundu la treni kupita, na chini yake akaweka stesheni yenye benchi moja. Kwenye benchi aliketi mwanamke mdogo kama punje ya haragwe, kapakata cherehani. Sheria ya chama ilikuwa moja: treni ya mwisho ya Jumamosi inasimama hapo, na hakuna wa kuzima umeme kabla haijasimama. Kabla ya tundu palikuwa na kiungo cha reli kilichokaa vibaya, kila gurudumu likipita linagonga, tak. Siku ya kwanza wale wazee wawili walicheka mpaka wakashikana mabega, wakaapa hakirekebishwi. "Reli bila tak ni waya wa kuanikia nguo," alisema Fundi Saa mwenyewe.

Mwaka 2021 mapafu yalianza kumsumbua, ngazi zikamshinda. Fundi Saa, ambaye ndiye mwenyekiti, alimshika mkono kitandani: "Bendera, mlima hauguswi nikiwa hai." Na kila Jumamosi jioni alimpigia simu, akaiweka karibu na reli, marehemu akasikiliza treni yake ya mwisho macho yamefumbwa. Mpaka jioni moja akayafumbua.

"Fundi, tak imeenda wapi?"

"Aa, nimeirekebisha, ndugu yangu. Nilitaka ukirudi ukute mambo safi."

Marehemu akakata simu, akamweleza Bibi. Siku ya pili Bibi alipanda zile ngazi mwenyewe. Pale palipokuwa na mlima palikuwa na daraja jipya la plastiki, linang'aa, la kupeleka kwenye maonyesho. Mlima ulikuwa umekatwa kwa msumeno, uko guniani chini ya ngazi. Nesi wa meno alishindwa kumtazama. "Mama, tulipiga kura. Mwenyekiti alisema Mzee hatarudi tena."

Bibi alirudi, akaketi kitandani. "Mume wangu, usingoje. Mlima haupo."

"Na wewe nimekuacha wapi?"

Akafungua kiganja, yumo yule mwanamke mdogo wa kwenye benchi. "Mimi nilikuwa kwenye mkebe wa skrubu."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu hakucheka tena. "Mlima ni magazeti tu," alisema. "Angeniambia, ningemshikia na msumeno."

Hakugomba. Kila Jumamosi kwenye simu alimfungulia tu mlango wa kusema kweli: "Fundi, mlima hajambo?" Na kila Jumamosi Fundi Saa aliupita mlango huo: "Umesimama kama nguzo, Bendera. Unakungoja wewe."

Jumamosi tarehe 18 Novemba 2023 jioni, simu iliita kama kawaida. Bibi akaichukua ampe.

"Iache," alisema marehemu. "Hiyo treni haiji."

Simu ilipoacha kuita, na yeye alikuwa ameshaondoka. Yule mama wa kwenye benchi yumo kwenye mfuko wa koti lake.

Ameacha mke, watoto wanne, wajukuu tisa na kitukuu mmoja. Ameacha pia rafiki, Fundi Saa, aliyeketi mstari wa pili, ambaye ameomba kusema machache baada ya wasifu huu. Atasema, marehemu hakumkataza. Alimwachia neno moja tu, na familia inalitoa hapa mbele yenu, ili naye asikalishwe bure: alijua.

Mzee Bendera, njia iko wazi. Pita upumzike.