Aliyerushwa Mawinguni

Katika treni iendayo Umeda, mtaa wa majumba ya sinema, msichana mwenye fulana ya katuni alimnong'oneza jirani yake asiyemjua, "Leo ndiyo leo, kaka! Katuni yetu imekuwa filamu ya watu halisi! Ila pale shujaa anapopigwa teke akapaa mawinguni, binadamu atapaaje? Wataharibu tu!"

Jirani akaona haya. "Aliyepaa ni mimi, dada. Nilifungwa kamba nikarushwa hadi mbavu zikalia. Usipocheka pale, nimeumia bure."

"Wewe? Acha uongo wako!" Akapaza sauti, na behewa zima, lenye kimya kuushinda msikiti, likageuka.

"Lakini sinemani nyinyi watazamaji hucheka kimyakimya," jirani akasema. "Nitajuaje kama umecheka?"

Treni ikasimama, milango ikafunguka.

"Kaa nyuma yangu," msichana akasema akimvuta mkono, "uyatazame mabega yangu yakitikisika."