Betri ya Kasi

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya duka la kinyozi, na wajuzi watatu wasio na haraka. Mimi ni wa nne. Kazi yangu kusikiliza. Kahawa haipoi, maana birika letu la umeme halizimwi tangu asubuhi. Siku hiyo asubuhi Kasi, dereva wa teksi ya umeme, aliegesha pale pale pa siku zote, akaacha kioo wazi kidogo, akaketi kama mfiwa. Zamani chaji moja ilimtosha siku nzima. Sasa adhuhuri haijafika, nusu imeyeyuka. Ameamua kuuza kiwanja alichoachiwa na marehemu mama yake, anunue betri mpya. Dada yake alikuwa njiani na hati, Kasi aitie saini.

— Wananiambia ziko mbili, — akasema Kasi. — Ya nikeli ni nyepesi, inakwenda mbali. Ya chuma na fosfeti ni nzito, haifiki mbali sana, ila inadumu.

— Chukua ya chuma, — akasema Mkasi, kinyozi wetu. — Chuma tunakijua. Nikeli umeiona wapi?

— Kwenye sarafu, — nikachomekea.

— Haya. Sarafu gani imewahi kudumu mfukoni mwako?

Profesa akavua miwani. Huyu alirudia mtihani wa kemia mara mbili, kwa hiyo anaijua kuliko waliofaulu mara moja.

— Chuma kinashika kutu, ndugu zangu. Mvua ya kwanza tu, betri inakuwa jembe.

— Na nikeli?

— Nikeli haipendi joto. Ukiegesha juani inajila yenyewe. Ndiyo maana wahenga wakasema, kikulacho ki nguoni mwako.

— Hata hivyo betri iko chini ya gari, — akasema Mkasi. — Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Kasi mgongo unamsumbua.

— Basi achukue ya chumvi, — akasema Profesa.

— Ya chumvi?

— Hii hii ya jikoni. Chaji ikipungua, unaongeza kijiko. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na ikizidi?

— Gari linapata presha.

Kasi hakucheka.

— Jamani, kile kiwanja mama alikilimia mpaka mgongo ukapinda. Nikikosea hapa, sina kingine. Naogopa.

Tukatikisa vichwa kwa heshima, kama sekunde tatu hivi. Kisha Mkasi akaongeza maji birikani.

Dada mtu akafika na bahasha. Akamwamkia Profesa, akampa kaka yake hati na kalamu, ila hakukaa. Alikuwa anatazama chini ya benchi, kwenye soketi ya kuunganishia: birika, mashine ya kunyolea, simu nne.

— Kaka, hujatia saini bado. Hili birika linakula umeme wa wapi?

Profesa akavaa miwani, akaivua tena. Mkasi akakumbuka ana mteja. Kasi aliufuata ule waya mweusi kwa macho, ukapita nyuma ya benchi, ukapanda mlango wa teksi, ukaingia dirishani. Akaiweka kalamu chini.

Mimi nikatazama simu yangu. Ilikuwa imejaa, asilimia mia.

Dada mtu akairudisha hati ndani ya bahasha. Birika likaanza kuchemka, na hakuna aliyenyoosha kikombe.